Gari Lililoingia Maji ya Mafuriko: Namna ya Kulinusuru, Kudai Bima na Kulitengeneza

Masika yakikolea Dar es Salaam, kati ya Machi na Mei, Mto Msimbazi hufurika, Barabara ya Morogoro pale Jangwani hufungwa, na maji yaliyokosa njia huingia katika nyua za Kigogo na mitaa mingine ya mabondeni. Magari mengi hukutwa na maji usiku yakiwa yameegeshwa nyumbani. Mengine huzimika katikati ya barabara dereva akijaribu kuvuka. Mafuriko ya Desemba 2011 ndiyo yaliyoifanya Serikali iwahamishie Mabwepande baadhi ya wakazi wa mabondeni, na katika miaka iliyofuata hata mabasi ya mwendokasi yaliharibiwa na maji katika karakana yao ya Jangwani. Nairobi nayo iliona magari yakisombwa na kuzama katika mvua za Aprili na Mei 2024.

Mwongozo huu unamhusu mwenye gari dogo la binafsi ambaye gari lake limeingia maji na ana bima. Taratibu za bima nitakazozieleza ni za Tanzania, lakini mambo ya ufundi ni yale yale popote gari lilipo. Nimewasindikiza ndugu na majirani katika madai kadhaa ya namna hii, na nimeona jambo moja likijirudia: dai la gari lililozama huamuliwa zaidi na yale yaliyofanyika katika saa chache za mwanzo kuliko na barua zote zitakazoandikwa baadaye. Ndiyo maana hatua za mwanzo nitazieleza kwa urefu kuliko nyingine.

Hatua ya kwanza: usizungushe ufunguo

Injini huvuta hewa kupitia bomba ambalo mdomo wake, katika magari mengi madogo, uko karibu na usawa wa taa za mbele. Maji yakifika hapo hupita kwenye chujio la hewa na kuingia ndani ya silinda. Pistoni inapopanda, hewa hubanika, lakini maji hayabaniki. Pistoni inayokutana na maji husimama ghafla huku injini nzima ikiendelea kuisukuma, na konrodi, yaani mkono wa chuma unaoisukuma pistoni, hupinda au huvunjika, na wakati mwingine hutoboa bloku, yaani mwili wa injini. Injini ya dizeli hubana hewa kwa nguvu kubwa kuliko ya petroli, kwa hiyo huumizwa hata na maji machache. Injini iliyozama ikiwa imezimwa mara nyingi huokolewa kwa kuondolewa maji, kubadilishiwa oili na kufanyiwa kazi ya siku moja au mbili. Injini hiyo hiyo ikiwashwa ikiwa na maji ndani hugeuka kuwa ya kubadilishwa.

Sababu ya pili ni ya kibima. Mikataba ya bima za magari kwa kawaida haifidii hitilafu za kimitambo na za umeme zinazojitokea zenyewe, na humtaka mwenye gari achukue hatua za busara kuilinda mali yake. Mkadiria hasara, yaani mtaalamu anayetumwa na kampuni ya bima kupima uharibifu, akifungua injini na kukuta konrodi imepinda, atauliza imepindaje wakati gari lilikuwa limeegeshwa. Mtu akijibu kwamba alijaribu kuwasha ili aone kama linawaka, kampuni inapata nafasi ya kusema kwamba mafuriko yalilowesha gari, lakini kilichoua injini ni ufunguo. Jirani yangu mmoja alilianika gari lake juani kwa siku 2, akaamini kwamba limekauka, akaliwasha. Liliunguruma kwa dakika chache, ukasikika mgongano, na hapo likazimika. Kampuni yake ya bima ililipia umeme na usafishaji wa ndani, ikakataa injini, na injini ndiyo iliyokuwa na gharama kubwa kuliko vyote. Maji yaliyo ndani ya silinda hayaondoki kwa jua la uwanjani.

Kama gari limezimika ukiwa unaendesha ndani ya maji, kanuni ni hiyo hiyo: usijaribu kuliwasha tena hata mara moja. Hata hivyo, kabla ya gari kuna uhai. Maji yanayokwenda kwa kasi hulisukuma na kulibeba gari yakiwa bado hayajafika hata kwenye vioo, kwa hiyo toka na watu wako mapema na uliache gari lilipo. Hilo ndilo lililokatiwa bima.

Maji yakishapungua na ukiwa umesimama mahali pakavu, fungua boneti na uchomoe nyaya za betri, ukianza na ile ya hasi. Umeme unaopita kwenye viunganishi vilivyolowa huviozesha kwa haraka sana, kiasi kwamba usiku mmoja wa betri kuachwa imefungwa unaweza kuharibu vifaa ambavyo maji peke yake yasingeviharibu. Tahadhari ni kubwa zaidi kwa magari yanayotumia petroli na betri kubwa kwa pamoja, kama Toyota Prius na Aqua, ambayo sasa ni mengi mitaani. Betri kubwa ya Prius ina zaidi ya volti 200, na nyaya zake zimevishwa rangi ya chungwa ili kumwonya yeyote atakayeziona. Usiziguse, na usimruhusu fundi asiyezijua azichokonoe. Liache gari mpaka apatikane mtu mwenye ujuzi na vifaa vya kazi hiyo.

Hatua ya pili: piga picha kabla ya kufuta tope

Moyo wa mtu yeyote mwenye gari lililojaa tope humtuma achukue ndoo na kitambaa. Jizuie kwa nusu saa. Mstari wa tope ulioachwa na maji kwenye milango, kwenye siti na kwenye ukuta wa nyumba ndio shahidi wako mkuu, na ukishaoshwa haurudi.

Anza na picha za mbali zinazoonyesha gari lote pamoja na mahali lilipo, yaani geti, ukuta, nguzo ya umeme au duka la jirani, ili isiweze kusemwa kwamba gari lilizama kwingine. Kisha piga pande zote 4 huku namba ya gari ikionekana. Sogea karibu na upige mstari wa maji, ukiweka futi ya fundi au hata fimbo iliyotiwa alama ili kina kionekane. Ndani ya gari piga kapeti, siti, dashibodi, sehemu ya kukanyagia pedali na buti, ukiinua kapeti kidogo mahali unapoweza ili maji yaliyo chini yake yaonekane. Chini ya boneti piga chujio la hewa, kisanduku cha fyuzi na kijiti cha kupimia oili. Oili iliyochanganyika na maji hugeuka rangi ikafanana na chai ya maziwa, na picha ya kijiti chenye oili ya namna hiyo husema mengi kuliko maelezo ya ukurasa mzima. Kilomita za gari zichukue kutoka katika risiti au kadi ya sevisi ya mwisho, kwa kuwa hutawasha swichi ili kuzisoma kwenye dashibodi.

Ushahidi wa mazingira nao una thamani. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari za mvua kubwa. Hifadhi tahadhari iliyohusu siku hiyo na eneo lako. Majirani ambao magari au nyumba zao zilikumbwa na maji yale yale wanaweza kuandika maelezo mafupi. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anaweza kukupa barua inayothibitisha kwamba mtaa wenu ulifurika tarehe fulani, na nakushauri uiombe siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa sababu baada ya wiki 2 kila mtu katika mtaa atakuwa na barua yake ya kuomba.

Hatua ya tatu: hakikisha una bima gani, kisha toa taarifa bila kukawia

Mwenye bima ndogo, ambayo hulipa madhara yaliyowapata watu wengine tu, hana dai lolote kwa gari lake lililozama. Hata bima ya mtu wa tatu iliyoongezewa moto na wizi haimsaidii. Anayeweza kudai ni mwenye bima kubwa, na yeye pia asidhani tu kwamba mafuriko yamo. Katika mikataba mingine mafuriko yameandikwa miongoni mwa majanga yanayolipiwa. Katika mingine yanaingia endapo mteja aliyaongeza na kuyalipia ada ya ziada. Toa hati ya bima, si stika peke yake, utafute maneno mafuriko, tufani, dhoruba na majanga ya asili. Hati nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza kizito, kwa hiyo kama husomi lugha hiyo kwa wepesi, mtafute mtu akusomee sehemu ya majanga yanayolipiwa, sehemu ya yasiyolipiwa, na sehemu ya wajibu wa mteja. Hizo 3 zinatosha kwa siku ya kwanza.

Angalia pia kama bima yako ipo kweli katika kumbukumbu. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, yaani TIRA, ina mfumo wa mtandaoni unaomwezesha mtu kuhakiki stika kwa kutumia namba ya gari. Wapo watu waliouziwa stika za kughushi na mawakala wasio waaminifu, na uchungu wake huja siku ya hasara. Hakiki leo, hata kama gari lako ni kavu.

Taarifa ya kwanza kwa kampuni itoe kwa simu, kisha iandike kwa barua pepe au kwa ujumbe unaobaki na tarehe na saa. Kama ulikata bima kupitia wakala au dalali wa bima, mjulishe yeye pia, lakini usimwachie kazi ya kuitaarifu kampuni na wewe ukakaa kusubiri. Mikataba huweka muda wa kutoa taarifa, na kuchelewa ni mojawapo ya sababu rahisi za kulikataa dai. Omba namba ya dai na uiandike mahali pa kudumu.

Katika fomu ya madai kuna nafasi ya kueleza tukio. Andika ulichokiona, kwa mpangilio wa saa, bila kukisia. Maelezo ya kutosha yanaweza kuwa hivi: "Usiku wa kuamkia tarehe fulani, gari likiwa limeegeshwa na kuzimwa nyumbani kwangu, maji ya mvua yaliingia uwanjani na kufika usawa wa siti za mbele. Nililikuta saa 11 alfajiri. Sikuwasha injini wala swichi. Saa 3 asubuhi, maji yalipopungua, nilichomoa betri na kupiga picha nilizoambatisha." Usiandike kwamba injini imekufa au kwamba kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imeungua, kwa sababu hujui bado, na ukikosea, kosa hilo litatumika kutilia shaka hata yale uliyoyasema kwa usahihi. Kama kweli uliwasha, sema uliwasha. Uongo ukigundulika unaweza kuliangusha dai zima, hata sehemu ambayo ungelipwa bila ubishi.

Pamoja na fomu utahitajika kupeleka nakala ya kadi ya gari, leseni ya dereva, kitambulisho chako, hati ya bima, picha na makadirio ya gereji. Kampuni nyingine hutaka pia taarifa ya polisi, hasa kama gari lilisombwa au lilizama barabarani. Gari lililonunuliwa kwa mkopo lina jambo lake: jina la benki huwa limeandikwa katika hati ya bima, na fidia ya hasara kamili, yaani ya gari lisilofaa tena kutengenezwa, hupelekwa benki kwanza. Ijulishe benki mapema, maana barua yake ya kuridhia hucheleweshwa kuliko nyaraka nyingine zote.

Hatua ya nne: liondoe gari na uzuie hasara isiongezeke

Kutoa taarifa hakumaanishi kukaa na gari lenye maji ukingoja mkadiria aje siku atakayopenda. Una wajibu wa kuzuia uharibifu usiendelee, ila fanya hivyo kwa namna isiyofuta ushahidi. Iandikie kampuni kwamba, kwa kuwa maji yanaendelea kuharibu gari, utalihamisha na kuanza kulikausha, ukiomba ridhaa yao au maelekezo mengine ndani ya siku hiyo. Kwa kawaida hukubali. Wasipojibu, barua yako inabaki kuwa ushahidi kwamba ulitenda kwa busara.

Gari libebwe juu ya bredauni, yaani lori la kubebea magari mabovu, lisivutwe kwa kamba. Gari la gia za otomatiki likivutwa magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini, gia boksi huzunguka bila kulainishwa, na kama ina maji ndani huumia zaidi. Tunza risiti ya bredauni, kwa kuwa mikataba mingi hulipia gharama hiyo hadi kiwango fulani.

Ukiwa na gari mahali pa juu, fungua milango yote, ondoa maji kwa sponji, toa mikeka na mizigo, na uinue kapeti lipigwe na upepo. Chini ya kapeti kuna sponji nzito inayoweza kushika maji kwa wiki nzima huku juu pakionekana pakavu. Kumbuka pia kwamba maji ya mafuriko ya mjini ni maji taka: yamepita kwenye vyoo na madampo. Vaa glavu na viatu vya mpira, na usiwaache watoto wachezee ndani ya gari hilo.

Hatua ya tano: mpokee mkadiria hasara ukiwa umejiandaa

Mkadiria hasara hulipwa na kampuni, lakini kazi yake ni kueleza kilichoharibika na gharama yake, na wengi huifanya kwa uadilifu. Udhaifu wao ni haraka. Mvua ikinyesha, mkadiria mmoja anaweza kuwa na magari 10 ya kutazama kwa siku, na gari lililozama ni tofauti na gari lililogongwa: uharibifu wake mwingi hauonekani kwa macho. Kwa hiyo uwepo mwenyewe, pamoja na fundi wako, na mwonyeshe picha za mstari wa maji hata kama tayari ameuona.

Kina cha maji ndicho kinachoongoza makadirio. Maji yaliyoishia chini ya sakafu huhitaji kukaguliwa breki, beringi, difu (gia za ekseli inayozungusha magurudumu) na gia boksi, na gari mara nyingi hurudi barabarani kwa gharama ndogo. Maji yaliyovuka sakafu na kufika siti ni jambo zito zaidi, kwa sababu magari mengi ya siku hizi yameweka kompyuta ya mifuko ya hewa chini kabisa, katikati ya siti za mbele, pamoja na viunganishi vya mikanda ya usalama. Mwenye gari huona kapeti limelowa tu, kumbe kifaa kinachotakiwa kumwokoa siku ya ajali kimelala ndani ya tope. Maji yaliyofika kwenye dashibodi huleta mashaka juu ya nyaya zote, vifaa vya kudhibiti injini, redio, kiyoyozi na swichi, na hapo swali la busara ni kama gari linafaa kutengenezwa.

Mwombe mkadiria aandike aina ya maji. Maji ya chumvi, yaani ya bahari iliyopanda na kuingia nchi kavu au ya mikoko, hula chuma na shaba haraka kuliko maji ya mvua, na gari lililokaa ndani yake, hata kwa kina kidogo, sioni kama linafaa kurejeshwa barabarani. Mwombe pia aandike katika ripoti kwamba makadirio ni ya awali na kwamba uharibifu utakaoonekana baada ya kufungua utaongezwa. Bila sentensi hiyo, kila spea ya ziada itakuwa ugomvi mpya.

Hatua ya sita: matengenezo, fedha taslimu au hasara kamili

Kampuni hulinganisha gharama ya matengenezo na thamani ya gari sokoni kabla ya mafuriko. Gharama ikipita kiwango kilichowekwa, gari hutangazwa kuwa hasara kamili. Tafuta mwenyewe bei za magari ya aina yako, mwaka wako na kilomita zinazokaribiana, uzihifadhi zikiwa na tarehe, ili ukipewa thamani ndogo uwe na hoja.

Makato yanayowashangaza watu ni 3. La kwanza ni kiasi ambacho mwenye gari hubeba mwenyewe katika kila dai, nacho kimeandikwa katika hati. La pili ni uchakavu: ukiwekewa kifaa kipya mahali pa kilichotumika miaka 15, kampuni inaweza kukutaka uchangie tofauti. La tatu ni bima pungufu. Tuseme gari lako lina thamani ya shilingi milioni 20 lakini ulilikatia bima ya milioni 12 ili ada iwe ndogo, kisha ukapata hasara ya milioni 5. Mkataba ukiwa na kipengele cha bima pungufu, utalipwa 12 kwa 20 ya hasara, yaani milioni 3, na bado kiasi unachobeba mwenyewe kitatolewa humo.

Ikiwa gari ni hasara kamili, kampuni huchukua mabaki au hukuachia na kukata thamani yake kwenye fidia. Usiyachukue mabaki kwa huruma ya gari ulilolizoea. Yachukue tu kama una fundi wa umeme unayemwamini, maji hayakufika kwenye dashibodi, na bei uliyokatwa inaacha nafasi ya gharama zisizotarajiwa. Ukiliuza baadaye, mwambie mnunuzi kwamba lilizama, na umwandikie katika mkataba wa mauziano. Anayenunua gari hilo atapandisha familia yake humo akiamini kwamba mifuko ya hewa itafunguka.

Kuhusu kulipwa fedha taslimu badala ya gari kupelekwa gereji, nasema wazi kwamba kwa gari lililozama ni mpango mbaya kwa watu wengi. Fedha huonekana nyingi siku ya kupokea, lakini kutu ya viunganishi hujitokeza baada ya miezi 2 au 3, wakati dai limekwisha kufungwa.

Hatua ya saba: simamia kazi gereji

Gereji iliyoteuliwa na kampuni ina faida moja kubwa: kazi ikiharibika, kampuni haiwezi kusema kwamba fundi alikuwa wako. Kama unataka gereji yako, omba ikubaliwe kwa maandishi kabla gari halijafunguliwa. Kwa vyovyote, fika mwenyewe, na uhakikishe kwamba kazi inafuata mpangilio huu.

Injini huanza kwa kutolewa plagi zote, au nozeli kwa gari la dizeli, kisha huzungushwa kwa mkono kwa spana. Ikizunguka bila kukwama, huzungushwa kwa stata huku plagi zikiwa nje ili maji yaliyobaki yarushwe. Oili na filta hubadilishwa kabla injini haijawashwa; inawashwa kwa muda mfupi, na oili humwagwa tena. Fundi anayebadilisha oili mara moja tu anaacha maji ndani. Chujio la hewa hubadilishwa, na tangi la mafuta hukaguliwa kama lina maji chini.

Gia boksi na difu husahaulika sana. Gari lililotoka mwendo mrefu likaingia ghafla kwenye maji ya baridi huvuta maji kupitia kwenye sili na tundu la kupumulia, kwa kuwa hewa ya ndani hupoa na kusinyaa. Oili ya gia ikionekana na rangi ya maziwa, imwagwe na kujazwa upya zaidi ya mara moja, na kwa gia boksi za otomatiki mkadiria aitwe tena aione. Mafuta ya breki yabadilishwe yote. Breki za nyuma za ngoma zifunguliwe na tope litolewe. Beringi za magurudumu zisikilizwe baada ya wiki moja ya kutembea.

Ndani ya gari, siti na kapeti vitoke vyote, dashibodi ifunguliwe kama maji yalifika huko, na sponji ya chini ya kapeti ibadilishwe badala ya kuanikwa. Viunganishi vyenye rangi ya njano ni vya mifuko ya hewa. Visichomolewe mpaka betri iwe imetolewa kwa dakika kadhaa. Kila kiunganishi kilichozama kifunguliwe, kioshwe kwa dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme na kukaushwa. Kuosha ndani kwa mashine ya presha ni kosa, kwa kuwa husukuma maji mahali ambapo mafuriko yenyewe hayakufika. Kuhusu spea, kwa bodi na taa mitumba ya kawaida inatosha, lakini kompyuta ya mifuko ya hewa na kontroli boksi zisitoke kwenye rundo la vifaa visivyojulikana vilikotoka, maana huenda zimetoka kwenye gari jingine lililozama.

Hatua ya nane: usitie saini kabla ya kulijaribu

Gereji ikimaliza, utapewa hati ya kukubali kazi au malipo, na mara nyingi ina maneno yanayosema kwamba huna dai lingine lolote kuhusu tukio hilo. Kabla ya kuitia saini, liendeshe gari kwa siku kadhaa, mchana na usiku, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na kama inawezekana litembee siku ya mvua. Taa ya mifuko ya hewa kwenye dashibodi iwake unapowasha swichi kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda balbu imetolewa ili kuficha hitilafu. Harufu ya ukungu baada ya gari kufungwa vioo juani inaonyesha kwamba sponji haikubadilishwa. Ukilazimika kutia saini mapema, andika kwa mkono juu ya saini kwamba unakubali kazi iliyoonekana tu na kwamba uharibifu wa umeme utakaojitokeza kutokana na mafuriko haujahesabiwa, kisha ubaki na nakala. Wakikataa maneno hayo, omba barua ya dhamana ya gereji yenye muda uliotajwa.

Dai likikataliwa

Omba kukataliwa kuandikwe, na kutaje kipengele cha mkataba kilichotumika. Kauli ya mdomo kwamba mafuriko hayalipwi haitoshi. Ukiwa na barua hiyo, rudi kwenye hati na usome kipengele chenyewe, kisha ukate rufaa ndani ya kampuni kwa mkuu wa madai, ukiambatisha picha za mstari wa maji, barua ya serikali ya mtaa, tahadhari ya hali ya hewa na maelezo ya fundi yanayotenganisha uharibifu wa maji na uchakavu wa kawaida. Madai mengi niliyoyaona yakigeuzwa yaligeuzwa katika hatua hii, kwa sababu mtu wa kwanza kuyakataa hakuwa amezisoma nyaraka zote.

Jibu lisiporidhisha, peleka malalamiko TIRA, ambayo ina ofisi za kanda nje ya Dar es Salaam pia, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ili wenye bima wasilazimike kuanzia mahakamani. Aliyeko Kenya hupeleka malalamiko yake kwa mamlaka inayosimamia bima huko. Nenda na faili moja lililopangwa kwa tarehe: ujumbe wa kwanza wa taarifa, namba ya dai, fomu, picha, ripoti ya mkadiria, barua ya kukataliwa na rufaa yako. Juu yake weka karatasi moja inayoeleza unachodai kwa shilingi, kipengele kwa kipengele, na usimwachie mtu yeyote nakala halisi bila kubaki na nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.